Unataka SUV ya umeme na unakaa Malindi? Anza na plagi

Watu wakishika pesa wanaanza kulinganisha viti vya ngozi na ukubwa wa skrini, mi nakwambia anza na chaji, maana gari la mamilioni bila stima ni pambo la uani tu.

Uliza tundu la chaji ni aina gani. BMW iX au Mercedes EQS SUV iliyotumika Ulaya inakuja na CCS2, aina ya plagi ya Ulaya, ila usukani wa kulia utafute ya Uingereza. Zilizotengenezewa soko la China zina GB/T, za Japani nyingi CHAdeMO, sasa ukifika kituoni plagi haiingii utafanyaje bana?

Halafu zile kilomita za kwenye tangazo usizimeze zima zima, linganisha WLTP (kipimo cha Ulaya cha umbali kwa chaji moja) kwa WLTP, CLTC, kipimo cha Wachina, huwa ina ukarimu kupita kiasi. Malindi-Mombasa ni kama kilomita 120, kwenda na kurudi 240, iX xDrive50 inafika hata AC ikiwa juu. Lakini Mombasa-Nairobi ni karibu 480, hapo ingia PlugShare, app ya ramani ya chaja, utafute chaja za DC (zile za kasi) za njiani, na piga simu kabla hujatoka, ramani haikuambii kama chaja imeharibika jana.

Nyumbani muite fundi wa stima apime waya. Chaja ya amp 32 inatoa kama 7 kW, betri ya 105 kWh kama ya iX hiyo kutoka sifuri ni masaa 15 hivi.

Wa Lamu, nyinyi gari mtaliacha Mokowe, gatini upande wa bara, ulizeni mapema kama mtakapoegesha kuna soketi.