Kukata tiketi ya mechi Kwa Mkapa kwa N-Card: mwongozo kwa aliyezoea karatasi

Kila dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, ikikaribia, simu yangu huita kwa swali lile lile: "Mdogo wangu, siku hizi tiketi tunakata wapi?" Anayeuliza mara nyingi ni mtu aliyeanza kwenda Kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, kabla yangu, anayekumbuka nani alifunga na kwa mguu gani, ila alizoea kushika karatasi. Safari hii alikuwa mzee wa mtaani kwetu, Yanga damu, mwenye simu ya kitochi na N-Card, kadi ya kielektroniki ya malipo, iliyochubuka namba. Tulikaa naye barazani kwake mpaka ujumbe wa tiketi ukaingia. Nayaandika yale yale niliyomwelekeza.

Kwa wasiokumbuka: enzi za karatasi TFF, shirikisho la soka Tanzania, ilikuwa inatangaza vituo vya kuuzia tiketi. Ofisi za Karume, Oilcom ya Buguruni na ya Ubungo, stendi ya Makumbusho, Mwenge, Dar Live Mbagala, Kivukoni, Big Bon pale Msimbazi. Unakwenda na noti zako, unapewa karatasi, unaikunja ndani ya soksi. Wajanja nao wakawa wanachapa zao. Mtu anasota kwenye foleni, akifika getini anaambiwa yake feki, na mlanguzi aliyemuuzia keshayeyuka Temeke. Zikaja kadi za Selcom, baadaye ikaja N-Card, ambayo iko chini ya Kituo cha Taifa cha Data, NIDC. Feki za karatasi zikakosa soko. Ila usumbufu haukwisha, umehama tu. Zamani ulikuwa getini siku ya mechi. Sasa uko kwenye simu yako, siku kadhaa kabla, na anayengoja mpaka mchana wa siku ya mechi ndiye anayepiga simu akilia.

Hatua ya 1: Pata kadi

Kama unavuka Kigamboni huenda unayo tayari, ni hiyo hiyo ya pantoni. Kama huna, nunua kwa wakala wa N-Card mapema. Usingoje kuinunulia nje ya uwanja siku ya dabi.

Kila kichwa na kadi yake. Ukienda na mkeo na vijana wawili, tafuta kadi nne.

Hatua ya 2: Hakikisha mechi inachezwa wapi

Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2025, Simba na RS Berkane, mechi ya marudiano ilihamishwa kutoka Kwa Mkapa kwenda Amaan, Zanzibar. Aliyekuwa amejipanga na daladala akajikuta anahitaji boti. Mechi za ligi nazo zinaweza kuwa KMC Complex Mwenge au Azam Complex Chamazi. Soma tangazo la viingilio kwenye kurasa rasmi za klabu mwenyeji. Usisome picha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp, maana ile inaweza kuwa ya msimu uliopita, na bei hupangwa upya kwa kila mechi.

Hatua ya 3: Chagua sehemu

Mzunguko (viti vya kawaida), VIP C, VIP B, VIP A, na kwenye mechi kubwa viti vya rangi ya chungwa hutengewa bei yake. Msimamo wangu haujabadilika: mzunguko. Uwanja unabeba watu 60,000 na raha yake yote iko kule kwenye ngoma na matarumbeta. VIP C ninamshauri mwenye mtoto mdogo au mzazi mwenye magoti mabovu. VIP A waachie wenye suti.

Chagua kabla hujashika simu. Ukiingia kwenye menyu huku unajadiliana na shemeji yako kuhusu viti, menyu itakukatikia, kama nitakavyoeleza.

Hatua ya 4: Weka pesa kwenye simu

Weka na ya makato juu yake. Ukiweka kiingilio kamili bila ziada, muamala utakataa na utamlaumu wakala bure.

Hatua ya 5: Kukata tiketi yenyewe

Piga menyu ya pesa ya mtandao wako: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas (Tigo Pesa ya zamani, na mtaani bado inaitwa hivyo), *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Ingia kwenye malipo, tafuta tiketi, kisha michezo au mpira. Makusudi sikuandikii "bonyeza 4, halafu 6". Mpangilio wa menyu hubadilishwa, na miongozo yenye namba za mwaka juzi ndiyo inayowapeleka watu kulipia king'amuzi cha jirani. Soma kila kinachotokea. Utaonyeshwa mechi, kisha aina ya tiketi, utaombwa namba ya kadi, mwisho namba ya siri.

Programu za simu zipo na vijana wanazipenda. Mimi nabaki na menyu ya nyota na reli. Haitaki bando, haitaki kusasishwa, na inafanya kazi kwenye kitochi cha mzee sawasawa na kwenye simu ya milioni.

Sasa tulia, maana wanaokwama hukwamia hapa.

Kwanza, salio la kadi si tiketi. Mzee aliniambia, "Kadi ina elfu kumi na mbili, si itakata yenyewe pale getini?" Ametoka kwenye pantoni, ambako unagusisha kadi na nauli inakatwa pale pale, kwa hiyo hoja yake ina mantiki. Lakini mechi inataka tiketi iliyolipiwa kwa mechi hiyo na kwa sehemu hiyo ya kukaa. Kwenye menyu kuna njia ya kuongeza salio la kadi na kuna njia ya kukata tiketi, na majina yake yanakaribiana. Ukiona hujaulizwa mechi gani wala kiti gani, uko kwenye njia ya salio. Toka, anza upya. Pesa ukishaitumbukiza kwenye salio haijapotea, utavukia Kigamboni nayo, ila mpira hutaangalia.

Pili, namba ya kadi. Tiketi inakwenda kwenye kadi uliyoandika namba yake. Haiangalii jina lako, haiangalii simu iliyolipa. Ukikosea tarakimu moja ikaangukia kwenye kadi ya mtu mwingine, umemlipia kiingilio usiyemjua. Kadi ikikaa mfukoni pamoja na funguo na sarafu, namba hufutika, na 3 hufanana na 8. Ya mzee ilibidi tuielekeze juani. Nilichomfanyia, na ninakushauri ufanye leo leo: hifadhi namba ya kadi kwenye majina ya simu, kama unavyohifadhi namba ya mtu, uipe jina "Kadi Mpira". Kwenye kitochi hakuna njia bora zaidi. Kisha iandike pia kwenye karatasi kwa makundi ya tarakimu nne nne, uiweke mbele yako kabla hujapiga menyu. Mmoja aandike, mwingine asome kwa sauti. Kama familia ina kadi kadhaa, andika jina la kila mtu nyuma ya kadi kwa kalamu isiyofutika, la sivyo mtakata tiketi mbili kwenye kadi ya baba na mama abaki nje.

Tatu, menyu haikungoji. Ukikaa unatafuta miwani, inafunga na unarudi mwanzo. Ndiyo sababu ya karatasi ile.

Nne, na hii ndiyo iliyotula muda barazani: pesa imekatwa, ujumbe wa tiketi hauji. Nakuomba usirudie kulipa. Najua mkono unawasha, najua jirani anakwambia "jaribu tena, mtandao unasumbua". Ukirudia, muamala wa kwanza unaweza kuwa bado uko njiani, ukajikuta umelipa mara mbili, na kudai ya pili kurudi ni safari nyingine. Fanya hivi kwa mpangilio. Angalia salio la simu kwanza, si ujumbe, maana ujumbe unaweza kuchelewa. Kama pesa haijapungua, muamala haukufanyika, rudia kwa amani. Kama imepungua, fungua jumbe zako utafute ule wa muamala wenye namba ya kumbukumbu. Uandike pembeni. Ngoja kidogo, nenda kaswali au kanywe chai. Bado kimya? Piga 100, huduma kwa wateja, uwape namba ile ya kumbukumbu, kiasi na saa uliyolipa. Mtoa huduma tuliyempata wa mtandao wa mzee alianza kwa kutuambia tuzime simu na kuwasha. Tulizima, tukawasha, tukamsomea tena namba ya kumbukumbu, ndipo akaitafuta. Bila namba ile mtazungushana mpaka mechi iishe.

Na usifute jumbe kwa sababu kumbukumbu ya kitochi imejaa. Futa zile za "umeshinda milioni kumi".

Ukipata uthibitisho, usome wote: mechi, aina ya tiketi, namba ya kadi. Kisha linganisha namba hiyo na kadi iliyoko mkononi, si ile uliyoihifadhi, maana huenda ulikosea tangu kuhifadhi.

Kuna vijana wa kukukatia kwa chai kidogo. Siwapingi, wengine ni waaminifu kuliko ndugu. Masharti yangu ni mawili: kadi haiondoki mkononi mwako, na uthibitisho anakutumia kwenye simu yako hapo hapo mkiwa mmesimama pamoja. Akisema "nitakutumia jioni", rudisha hela yako mfukoni. Na namba ya siri usimtajie yeyote, hata akivaa fulana yenye nembo.

Hatua ya 6: Siku ya mechi

Nenda mapema. Tarehe 28 Mei 2023, mechi ya kwanza ya fainali ya Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger, msongamano kwenye mageti ya uwanja huu ulisababisha kifo cha shabiki mmoja na kujeruhi watu wapatao 30. Kadi haiondoi msukumano kama wote mnafika ikiwa imebaki saa moja mpira uanze. Mechi ya saa 11 jioni, mimi saa 8 niko ndani na karanga zangu.

Kadi iwe mfuko wa mbele. Ikishasomwa getini ukaingia, usimrushie mwenzako aliye nje akidhani ataingilia hiyo hiyo. Tiketi imeshatumika, na mtapoteza kadi.

Mashine ikikataa kadi yako, usisukume. Kaa pembeni, onyesha ujumbe wa uthibitisho kwa wasimamizi wa mfumo waliopo getini. Polisi hana cha kukusaidia kwenye hilo, na ukimbishia utaishia kusikiliza mechi kwenye redio ya bodaboda.

Wasomaji wa Nairobi wataona haya hayawahusu, ila CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025 iliwaonyesha upande mwingine. Tiketi za Kasarani zilikuwa za mtandaoni, wasio nazo wakapenya kwa nguvu, na CAF, shirikisho la soka Afrika, ikashusha idadi ya watazamaji wa mechi za Harambee Stars, timu ya Kenya, hadi 27,000. Waliolipa kihalali ndio waliobanwa nafasi. Kwa hiyo ukiwa na tiketi halali na ukaona watu wanaruka ukuta, usishangilie.

Hatua ya 7: Mechi ikiahirishwa

Hatua hii miongozo mingi haina, na kwa dabi yetu ni ya lazima. Tarehe 8 Mei 2021 saa ya kuanza ilisogezwa kutoka 11 jioni hadi 1 usiku, Yanga wakagoma, watu wakiwa wameshajaa uwanjani. Mechi ikachezwa Julai 3. Tarehe 8 Machi 2025 ikaahirishwa siku ile ile ya mchezo, baada ya Simba kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, ikachezwa Juni 25.

Ikitokea tena, usigawe kadi, usifute ujumbe, na usimuuzie mtu "tiketi" yako kwa bei ya hasira pale nje. Ngoja tangazo la Bodi ya Ligi au la klabu mwenyeji kuhusu waliokwishalipa, kisha ulifuate kama lilivyoandikwa. Ikiwa kadi imepotea katikati, namba uliyoihifadhi kwa jina la "Kadi Mpira" pamoja na ujumbe wa muamala ndivyo utakavyokwenda navyo kwa wakala wa N-Card kuuliza.