Daftari la kumbukumbu kwa aliyeumia ubongo: jinsi ya kulifundisha nyumbani

Aliyeumia ubongo akitoka wodini, mara nyingi miguu hurudi kabla ya kumbukumbu. Anatembea, anasalimia, hata jina la mwalimu wake wa darasa la nne analo, lakini hajui kama amemeza dawa ya asubuhi. Kinachosaidia sana, awe mwanabodaboda aliyeanguka Kondele, Kisumu, au mwanajeshi mstaafu aliyetikiswa na mlipuko Somalia, ni daftari. Ila daftari hufundishwa. Ukimpa tu, litakaa chini ya mto.

Nunua moja lenye jalada gumu la rangi kali, linaloingia mfuko wa shati, na ulifungie kalamu kwa uzi. Ligawe sehemu nne, zisizidi: LEO, DAWA, WATU, NJIA. Namba ya simu ya nyumbani iandikwe kwenye jalada. Vikaratasi vya pembeni msiviruhusu kabisa, kwa kuwa jambo likiwa na mahali pawili pa kutafutwa, kwake halina hata mahali pamoja. Aandike mwenyewe kwa lugha anayoifikiria. Kama ni Dholuo, iwe Dholuo. LEO ni ukurasa mmoja kwa siku moja, hivi (“Russia” ni hospitali ya rufaa ya Kisumu):

Saa 2 asubuhi: chai, kidonge cheupe 1. ✓
Saa 4: kliniki Russia, naenda na dada. Bahasha ya picha za kichwa iko juu ya kabati.

Mafunzo yana hatua tatu, walizozieleza watafiti Sohlberg na Mateer mwaka 1989: kulijua daftari, kulizoea kwa mazoezi, kisha kulitoa nje ya nyumba.

Hatua ya kwanza ndiyo inayowashinda wengi. Muulize, “Ukitaka kujua leo kuna nini, unafanya nini?” na umpe jibu papo hapo: “Nafungua daftari, LEO.” Alirudie huku akilifungua. Muulize tena baada ya sekunde 30, kisha dakika 1, 2, 4, 8, 16, na katikati mchambue maharagwe au mzungumze mengine. Akikosa, mpe jibu mara moja, alirudie, mrudi kwenye muda wa mwisho aliopatia. Dakika 20 zinatosha, asubuhi baada ya chai, kabla uchovu haujamshika.

Usimwambie “jaribu kukumbuka” wala “kisia.” Utafiti wa Wilson na Baddeley wa mwaka 1994 ulionyesha kwamba mwenye kumbukumbu mbovu hujifunza vizuri zaidi akizuiwa kukosea. Sababu ni kwamba hakumbuki kuwa alisahihishwa, lakini jibu baya alilolitamka hubaki kama mazoea. Jamaa wanaomjaribu kila wanapokuja kumwona, “Unanikumbuka mimi nani?”, wanamwumiza bila kujua. Waombeni wajitaje majina kwanza.

Akijibu sawa siku tatu mfululizo kwa swali la kwanza la asubuhi, anza hatua ya pili. Mpigie simu kutoka chumba kingine: “Njoo Jumanne saa tatu.” Aandike kabla simu haijakatwa. Hapa kosa la kawaida ni kuandika bila kuangalia tena. Weka kengele za simu (hata kabambe, simu ndogo ya vitufe, inazo) saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 2 usiku, kwa mlio uleule. Ukimkumbusha wewe kwa mdomo kila siku, atajifunza kukungoja wewe. Hatua ya tatu ni sokoni Kibuye: vitu vitatu vimeandikwa, wewe unafuata nyuma, kimya.

Asiposonga mbele, tazama usingizi kwanza. CogSMART, programu iliyojaribiwa kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani, hushughulikia usingizi, uchovu na maumivu ya kichwa kabla ya kufika kwenye kalenda. Anayeamka usiku kwa ndoto za vita anahitaji pia mshauri wa afya ya akili. Daftari peke yake halitamfaa. Pombe iachwe: huongeza hatari ya kifafa na ya kuanguka tena.

Kichwa kikizidi kuuma, akitapika tena na tena, akilala kupita kiasi, akipata degedege au upande mmoja ukilegea, acheni mazoezi mwende hospitali siku hiyohiyo. Damu inaweza kujikusanya polepole, hata wiki kadhaa baada ya ajali.

Daftari likijaa, anakili mwenyewe DAWA, WATU na NJIA kwenye jipya siku hiyohiyo. La zamani lipelekwe kliniki: zile alama za ✓ zitamwonyesha daktari dawa zilizorukwa.