Chumvi ya sabuni ya maji: onja kisima kwanza
Kama kisima chako kiko karibu na bahari, tuseme Jambiani au Makunduchi, onja maji kabla ya kutengeneza sabuni. Yakiwa na munyu, usitie chumvi yote ya kipimo.

Ungarol (malighafi nzito ya sabuni inayotoa povu na kusafisha) kilo 1 kwa lita 9 hivi za maji. Chumvi iyeyushe pembeni, tia gramu 50 kila mara, koroga taratibu. Chumvi inapunguza kusukumana kwa vichwa vya molekuli za ungarol vyenye chaji ya umeme, mafungu ya molekuli hizo yanarefuka na kusokotana, sabuni inakuwa nzito. Ukizidisha inarudi kuwa nyepesi, na wengi hapo huongeza chumvi tena! Ongeza maji ya mvua na ungarol kidogo. Uzito uangalie ikishapoa na povu limetulia.