Jinsi ya kutengeneza na kucheza "Mvuvi wa Dunga", mchezo wa vigae wa familia nzima

Michezo ya vigae inayouzwa madukani hutoka mbali na bei yake inauma. Huu utautengeneza kwa boksi la sabuni, manila, kalamu za wino na soksi moja ndefu ya shule. Nimeunganisha mambo mawili yanayojulikana. La kwanza ni kulinganisha kingo za vigae, kama kwenye Carcassonne, mchezo wa Ujerumani wa mwaka 2000 wenye vigae 72. La pili ni ule mtihani wa kuamua uendelee au uishie hapo, kama kwenye Can't Stop ya Sid Sackson ya mwaka 1980. Samaki, gugumaji (mmea unaoelea na kutanda ziwani) na viboko ni vya kwetu Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria pale Kisumu. Wanacheza watu 2 hadi 5, kuanzia mtoto wa miaka 7 hivi.

Hatua ya 1: Kata vigae

Bandika manila nyeupe juu ya kadibodi, kisha ilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha isije ikajikunja. Kipande cha ukubwa wa A4 kinatoa vigae 20 vya sentimita 5 kwa 5. Unahitaji vigae 49, kwa hiyo vipande 3 vinatosha na ziada inabaki.

Usipime kila kigae kwa rula. Kata kimoja kwa makini, halafu vingine vyote vichorwe kwa kukizungushia hichohicho. Si suala la urembo. Vigae vinachotwa ndani ya soksi bila kutazama, na vidole vya mtoto ni hodari kuliko unavyodhani. Kigae cha kiboko kikizidi vyenzake kidogo tu, kabla mchezo wa pili haujaisha atakuwa anakipapasa na kukiacha, huku uso wake mkavu kabisa. Kwa sababu hiyohiyo, chora vyote kwa kalamu za aina moja. Rangi nzito na gundi iliyovimba hupapasika.

Hatua ya 2: Chora ziwa

Kigae kimoja ni gati, chenye maji pande zote 4. Vigae 40 ni vya mkondo wa maji: 16 vilivyonyooka, 16 vya kona na 8 vya njia panda yenye midomo 3. Mkondo uwe na upana wa sentimita 2 na upite katikati kabisa ya ukingo, la sivyo vigae havitaungana vizuri. Upande usio na maji upake kijani. Hilo ni gugumaji. Anayekaa karibu na Dunga hahitaji kuelezwa kwa nini linaziba njia.

Kwenye vigae 24 kati ya hivyo 40 chora samaki: omena kwenye 14, ngege kwenye 7, mbuta kwenye 3. Omena ana thamani ya kifuniko 1 cha soda, ngege 2, mbuta 4. Jumla ni 40, ila kusanya vifuniko 60 kwa ajili ya zawadi za ziada.

Vigae 8 vilivyobaki kati ya vile 49 ni viboko. Macho mawili na masikio yakitokeza majini yanatosha.

Hatua ya 3: Cheza

Weka gati katikati ya meza, vingine vyote ndani ya soksi. Kila mchezaji awe na kisosi, ambacho ndicho boti, na kikombe, ambacho ndicho nyumbani.

Zamu yako ikifika, chota kigae na ukiunge kwenye mdomo wowote wa maji ulio wazi. Unaweza kukigeuza utakavyo, mradi maji yakutane na maji, gugumaji na gugumaji. Kikiwa na samaki, tia vifuniko vyake kwenye kisosi. Kisha amua: useme "Natia nanga" na kumimina kila kitu kikombeni, au uchote tena. Kila kigae kinachofuata lazima kiendeleze ulichotoka kuweka. Kisipoingia hapo, kiweke popote kinapofaa, lakini samaki wake huna.

Kiboko wa kwanza katika zamu yako ni onyo tu. Mweke mbele yako. Wa pili anapindua boti. Vifuniko vyote vilivyo kwenye kisosi vinarudi, vilivyo kikombeni haviguswi. Zamu ikiisha, kwa heri au kwa shari, viboko wote wanarudi soksini. Vigae vya maji vinabaki mezani.

Ukiunganisha mkondo wako na mwingine usibaki na mdomo wazi, safari imeisha salama na unaongeza vifuniko 2. Zawadi hii ndiyo inayowafanya watu waangalie meza badala ya kuchota tu.

Nanga hutiwa kabla mkono haujaingia soksini. Ukishaingia, umechota. Tamka kanuni hii mwanzoni, kwa sauti, maana bila hiyo utaamua kesi jioni nzima.

Kigae cha mwisho cha maji kikiwekwa, aliyekiweka anahifadhi samaki wake na vikombe vinahesabiwa.

Hesabu iliyo ndani ya soksi

Kwa nini viboko warudi? Mwanzoni soksi ina vigae 48, viboko 8, yaani 1 kati ya 6. Vigae 24 vya maji vikishalala mezani, soksini vimebaki 24 na viboko ni wale wale 8: 1 kati ya 3. Maji yakibaki vigae 8, ni nusu kwa nusu. Mtoto hahitaji kujua sehemu za namba kuliona hili. Ziwa likitanuka mezani, soksi inazidi kuwa na hatari. Ukiwatoa viboko mchezoni kila wanapochotwa, hatari inapungua na mwisho wa mchezo unapoa kama uji uliosahaulika.

Kwa watoto wadogo punguza viboko wawe 6. Watu wazima wakicheza peke yao wapewe 10, ila usiende mbali zaidi ya hapo. Kila mtu atakuwa anatia nanga baada ya kigae kimoja, na kelele za "Tamaa hiyo!" ndizo raha yenyewe.

Nyanya asiyeona vizuri na mjukuu wa miaka 5 waunde boti moja. Mjukuu anachota na kupanga, nyanya anaamua lini kutia nanga. Mpinzani hatari, hasa nyanya akiwa mtu wa kuridhika na ngege mmoja.

Hifadhi vigae kwenye mkebe wenye kifuniko. Unyevu wa msimu wa mvua huvimbisha kadibodi, na kilichovimba kitapapasika.