Kufunga pikapu mpya kwenye gitaa la umeme

Kabla hujatoa hela ya pikapu mpya, yaani kile kifaa cha sumaku na koili chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo wake kuwa umeme, chukua bisibisi ndogo, ishushe iliyopo nusu mzunguko kila upande, upige. Kisha ipandishe mzunguko mzima, upige tena. Sauti hubadilika sana kwa umbali kati ya pikapu na nyuzi, na magitaa mengi yanayosemwa yana pikapu mbovu yana pikapu nzima iliyokaa mahali pabaya. Kama umeshajaribu hilo na sauti bado ni ya tope, au haitoki kabisa, endelea.

Maelezo haya ni ya gitaa la muundo wa Les Paul lenye hambaka mbili, yaani pikapu zenye koili mbilimbili, na tunabadilisha ile ya kwenye daraja.

Unaponunua, pima kwanza umbali kutoka katikati ya kichwa cha skrubu kilicho chini ya uzi wa kwanza hadi kilicho chini ya uzi wa sita. Kwenye muundo wa Gibson ni kama milimita 49 hadi 50. Kwenye daraja la muundo wa Fender ni 52 hadi 53. Ukikosea, nyuzi za pembeni hupita nje ya vichwa. Angalia na miguu ya bati iliyo chini ya pikapu: ikiwa mirefu kuliko kina cha shimo, pikapu haitashuka vya kutosha. Ukipima ukinzani wa koili kwa mita, hambaka ya mtindo wa zamani husoma kiloomu 7.5 hadi 8.5, zile kali 13 hadi 16. Namba hiyo peke yake haisemi yote, maana sumaku na unene wa waya navyo vina kazi yake, lakini kwa solo safi ya rumba au benga, ambako kila noti inatakiwa isikike peke yake, chukua ya kundi la kwanza. Zile kali zimetengenezwa kuisukuma amplifaya mpaka ikwaruze.

Vifaa: chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60 chenye ncha bapa, risasi ya kulehemu ya 60/40 yenye dawa ndani (unene wa milimita 0.8 hadi 1), mita ya umeme, mpira wa kunywea kwa joto wa kufunikia viungo, kipande cha msasa, koleo ndogo na kitambaa kizito. Chuma cha wati 15 cha kutengenezea redio hakifai hapa. Sababu utaiona kwenye mgongo wa poti, yaani kile kikinzani kinachozungushwa na kitufe cha volyumu au toni.

Pima kabla ya kufungua chochote. Chomeka kebo kwenye gitaa, weka swichi kwenye daraja, fungua volyumu na toni zote hadi 10, kisha gusa ncha na shina la plagi ya upande wa pili kwa mita iliyo kwenye kiloomu 20. Pikapu ya kiloomu 8 itasoma kama 7.9, kwa sababu poti ya kiloomu 500 iko sambamba nayo. Mita ikionyesha 1 au OL, yaani imezidi kipimo, koili imekatika au waya umeachia. Ikionyesha sifuri, waya wa sauti (unaobeba mawimbi ya pikapu) unagusa ethi (upande wa ardhi wa saketi) mahali fulani, na huenda pikapu yako haina kosa lolote.

Legeza nyuzi na uzitoe. Kwenye muundo huu daraja na mkia wake havina kinachovishika zaidi ya mvuto wa nyuzi, kwa hiyo vikamate kabla havijaangukia rangi. Tandika kitambaa juu ya gitaa lote, maana tone moja la risasi linatoboa vanishi. Fungua kifuniko cha nyuma na upige picha tatu au nne za karibu, kila poti ionekane. Tazama poti ya volyumu ya pikapu hii na ujue waya wa sauti umekaa mguu gani. Magitaa yanatofautiana, na waya mpya lazima ukae mguu uleule. Wakati huohuo soma thamani iliyopigwa chapa kwenye poti. Hambaka inataka kiloomu 500. Ukikuta 250, hiyo ni poti ya pikapu za koili moja. Inakata makali ya juu, na hapo lawama yote huangukia pikapu.

Yeyusha kiungo cha waya wa sauti, kisha cha ethi. Fungua skrubu nne za fremu, nyanyua pikapu na uvute waya wake taratibu. Usikate waya wa pikapu ya zamani karibu na bati. Siku ukitaka kuirudisha utaujutia. Kama gitaa lako linatumia plagi ndogo badala ya lehemu, chomoa tu, na uiache plagi ikiwa nzima.

Pikapu mpya ishike kwa pembeni. Waya wa koili una unene wa karibu milimita 0.063, sawa na unywele, na bisibisi ikiteleza pale tepu inapoishia kazi imekwisha.

Pikapu nyingi huja na nyaya nne za rangi pamoja na uzi mtupu wa ngao, na hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu rangi hazina kanuni moja. Kwa Seymour Duncan, nyeusi ni ya sauti, nyeupe na nyekundu huunganishwa zenyewe kwa zenyewe na kufunikwa, kijani na uzi mtupu huenda ethi. Kwa DiMarzio, nyekundu ndiyo ya sauti, nyeusi na nyeupe huunganishwa, kijani na uzi mtupu huenda ethi. Kwa kampuni nyingine fuata karatasi iliyomo kwenye boksi, au tumia mita: kila koili husoma karibu nusu ya jumla. Ukisahau kuunganisha zile nyaya mbili za kati, pikapu haitoi sauti. Kiungo chao kikigusana na ethi, inafanya kazi koili moja tu, sauti inakonda na ule mvumo wa umeme unaofutwa na koili mbili unarudi.

Kabla ya kulehemu linganisha pia mwelekeo na pikapu ya shingoni. Acha mita kwenye waya wa sauti na ethi, bandika bisibisi ya chuma juu ya vichwa, kisha ibandue ghafla. Namba itaruka juu au chini kwa muda mfupi. Fanya vivyo hivyo kwa pikapu ya pili, waya mwekundu wa mita ukiwa upande uleule. Zikiruka pande tofauti, badilishana waya wa sauti na ule wa rangi uliokuwa uende ethi. Uzi mtupu ubaki ethi. Usipofanya hivyo kila pikapu itasikika vizuri peke yake, ila ukiziwasha pamoja sauti inakuwa nyembamba ya puani.

Sasa mgongo wa poti. Ni bati pana linalonyonya joto, na chuma dhaifu hukaa juu yake dakika nzima kikiunguza njia ya kaboni iliyomo ndani huku risasi haishiki. Kwaruza sehemu ndogo kwa msasa, weka ncha bapa yote ilale, lisha risasi kwenye bati wala si kwenye chuma. Ikitanda kama maji, weka waya, ondoa chuma, tulia bila kutikisa. Sekunde tano zinatosha. Kiungo kizuri kinang'aa na kimelala. Kilichovimba kama punje ya mtama na kufifia kitaachia, kirudie. Fungua dirisha, na unawe mikono, kwa sababu hiyo ni risasi kweli.

Usifunge kifuniko bado. Washa amplifaya kwa sauti ndogo na ugonge vichwa vya pikapu kwa bisibisi: gonga moja, sauti moja. Rudisha skrubu na springi, safu ya vichwa vya skrubu ikielekea daraja, weka nyuzi na utuni.

Kurekebisha urefu, bonyeza uzi wa kwanza na wa sita kwenye freti ya mwisho, upime kutoka chini ya uzi hadi kichwa. Anza na milimita 1.6 darajani na 2.4 shingoni, kisha amini masikio.

Mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, hiyo ni kawaida. Usipobadilika kabisa, waya wa ethi wa daraja umeachia. Ukizidi unapogusa kifuniko cha pikapu, kifuniko hakijafika ethi. Ukihisi mtetemo wa umeme vidoleni, zima amplifaya papo hapo: hilo si kosa la pikapu, ni soketi au amplifaya isiyo na ethi, na usiguse nyuzi tena mpaka fundi umeme aikague.