Mambo ya kuzingatia kabla hujaleta familia Mombasa kutembea

Kila likizo ya Agosti na Disemba wageni wa bara hujaa huku kwetu, na kabla waje simu ni ile ile, "tuende wapi na wapi?" Mimi huwarudishia swali, mwaja tarehe ngapi? Manake sehemu za kutembea zipo tu, Fort Jesus walianza kuijenga 1593 na mpaka leo iko pale pale, ila bahari na jua havimngojei mgeni. Ukipanga safari kwa orodha ya sehemu utajikuta umefika bichi wakati maji yameenda zake, alafu Fort Jesus mwaingia saa saba mchana jua la utosi, mtoto analia na nyanya anatafuta pa kukaa. Panga maji kwanza.

Bahari huku hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50 hivi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kukupwa hufika mita 3 na zaidi, yaani pale Nyali ama Bamburi waona maji yamerudi nyuma mpaka karibu na mwamba na mashua zimelala ubavu kwenye mchanga. Bamvua likiwepo maji hukupwa asubuhi kwenye saa nne saa tano na kujaa jioni kwenye saa kumi hivi. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka, ni maji mafu, asubuhi ile ile ya saa nne maji yako juu na jioni ndio yamekupwa, lakini hayaendi mbali. Kwa hivyo kabla hujakata tiketi angalia mwezi uko wapi, ama tafuta jedwali la maji la bandari ya Kilindini kwenye simu, linapatikana bure. Wenye watoto wadogo wasiogope asubuhi ya bamvua, maji yakitoka huacha vidimbwi vya uvuguvugu watoto wanacheza humo wakiona kaa na visamaki, ila kila mtu avae viatu vya plastiki coz kuna vile viumbe vyeusi vya miiba mirefu, ukikanyaga kimoja siku yako imeisha. Anaetaka kuogelea kisawasawa angoje maji yakiwa yanajaa yamefika nusu. Na boti zile za kioo chini za kuangalia matumbawe enda maji yakiwa yamekupwa, ndio utaona kitu, na ujue kuwa ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, ile iliyotangazwa 1986, KWS, lile shirika la wanyamapori, wana kiingilio chao mbali na pesa ya mwenye boti, basi uliza mapema hiyo bei unayotajiwa imejumlisha nini. Makombe ya baharini usiokote kupeleka nyumbani, humo ni marufuku. Na chupa za plastiki za kutumia na kutupa zilikatazwa kwenye fukwe na mbuga tangu 5 Juni 2020, kwa hivyo kila mtoto na chupa yake ya kujaza.

Msimu nao una maneno yake. Kaskazi, Disemba mpaka Machi, bahari imetulia na maji ni safi lakini joto si la utani, mtu wa Nyahururu atalala na feni usoni na bado atatoa jasho. Kusi ikiingia kuanzia Aprili upepo unakuwa mwingi na mwani unatupwa ufukweni kwa marundo, wageni hudhani ni uchafu. Mei ni mvua, mimi Mei singemwita mtu. Agosti hali ya hewa ndio tamu kwa watu wa baridi, basi tu ukubali mwani. Ukiniuliza mimi na una watoto, Januari baada ya shule kufunguliwa ndio raha zaidi, ila najua hapo watoto wenyewe hawapo, so jaribu wiki ya kwanza ya likizo ya Disemba kabla ya zile siku za Krismasi ambapo hata pa kuweka kikapu ufukweni hupati.

Alafu ielewe ramani. Mji wenyewe ni kisiwa. Kaskazini unatoka kwa daraja la Nyali kwenda Nyali, Bamburi, Mtwapa. Magharibi unatoka Makupa kwenda Changamwe, airport na Miritini. Kusini hakuna daraja la magari la kutoka kisiwani, ni feri ya Likoni. Sasa mgeni aangalia simu aona kilomita 10 aseme si karibu, lakini jioni kutoka mjini kuvuka daraja la Nyali mpaka pale Lights ni jam ya kukutoa imani. Siku moja upande mmoja, basi. Siku ya kisiwani ni Fort Jesus, Mji wa Kale, zile pembe za ndovu za Moi Avenue mpige picha, mmalizie Mama Ngina, pale pa kupumzikia kando ya bahari, jioni. Siku ya kaskazini ni bichi na Haller Park ya wanyama. Kama lengo lenu ni Diani kule kusini msilale Nyali, laleni Diani moja kwa moja, na mkiwa na gari yenu kutoka Nairobi kuna barabara ya Dongo Kundu inayokata huko Miritini mpaka pwani ya kusini bila kugusa feri. Feri kwa miguu ni bure na watoto wataipenda mno, lakini ile mteremko wa kuingilia watu husukumana, shikaneni mikono, simu ikae ndani na msianze kupiga picha maana askari hawataki na wezi wanataka.

Kuja kwenyewe. Treni ya SGR ndio rahisi kwa familia, kuna ya saa mbili asubuhi inayosimama simama, ya saa tisa mchana, na ya saa nne usiku. Tangu Januari 2024 nauli ya ikonomi ni 1,500 na fasti klasi ni 4,500 kutoka Nairobi mpaka Mombasa, watoto wa miaka 3 mpaka 11 nusu bei. Tiketi za likizo huisha haraka sana, kata mapema kwa *639# ama mtandaoni na majina yafanane na kitambulisho. Nairobi ukaguzi ni mrefu, mizigo inawekwa chini mbwa wanainusa, fikeni saa nzima kabla, na kisu cha kukatia matunda acheni nyumbani. Ile ya usiku inaonekana ya akili coz hulipi chumba, lakini inakushusha stesheni ya Miritini usiku wa manane, hoteli nyingi hazikupi chumba mpaka mchana, sasa utakaa wapi na watoto wamelala mabegani? Ya saa tisa mchana inafika usiku mapema, mtu anaoga analala. Miritini si mjini, kuna matatu zinangoja treni na kuna Uber na Bolt, kama mna mizigo na wazee chukueni gari na mkubaliane kabla ya kupanda. Wanaokuja kwa gari yao, ni karibu kilomita 480 na barabara imejaa malori, tokeni alfajiri, msiendeshe usiku, na mjipangie kuwa kuanzia Mariakani mwendo ni wa kobe.

Fort Jesus ingia asubuhi wanapofungua saa mbili, kuta zile za mawe ya matumbawe zikishashika joto hakuna pa kukimbilia, kofia na maji lazima. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, hawataki noti mkononi, kwa hivyo fungua akaunti ukiwa bado nyumbani na ubebe kitambulisho, bila hicho utapewa bei ya mgeni wa nje. Watoto wapewe hadithi kidogo kabla ndio wasiboeke, kwamba Wareno walizingirwa humo ndani na Waarabu wa Oman kuanzia 1696 mpaka 1698, njaa na maradhi yakawamaliza, na meli yao moja San Antonio de Tanna ilizama hapo mbele 1697 na vitu vilivyotolewa chini ya maji viko humo humo makumbusho. Baadaye ikawa jela mpaka 1958. Ukiwaeleza hivo watauliza maswali wenyewe, na yule mtembeza wageni, si lazima umchukue, lakini ukimchukua mkubaliane bei mlangoni na sio mkishamaliza.

Ukitoka hapo Mji wa Kale ni hatua chache tu, shukeni Ndia Kuu mdogo mdogo. Hapa ndio nawaomba jamani, hii ni mitaa ya watu wanaishi. Kaptula fupi na nguo za kuogelea ni za bichi, dada zetu mjitupie leso juu tu inatosha, mwanamume vaa shati. Milango ile ya kuchonga piga picha utakavyo, lakini mama aliekaa barazani kwake muulize kwanza. Msikiti wa Mandhry ni wa tangu 1570, uangalie kwa nje na usisimame mlangoni wakati wa sala. Ijumaa mchana maduka mengi hapo yanafungwa, msiipange siku hiyo saa hizo. Na Ramadhani kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11, angalia kalenda, coz mchana vijihoteli vya mjini vimefunga na kula barabarani si adabu, ingawa usiku wake mji unachangamka kuliko wakati mwingine wowote, mimi naupenda zaidi.

Haller Park iko Bamburi, zamani ilikuwa machimbo ya mawe ya simiti, miti ikaanza kupandwa 1971 mpaka pakawa msitu. Pangeni kuwa pale alasiri, twiga hulishwa saa tisa na viboko saa kumi, piga simu asubuhi uhakikishe. Kama una mtoto wa chini ya miaka kumi mwambie habari ya Owen, kiboko mdogo aliyeokolewa baharini baada ya tsunami ya Disemba 2004, akaletwa hapa akamganda kobe mzee kabisa anaeitwa Mzee, wakawa hawaachani. Hiyo peke yake inamfanya mtoto atembee njia nzima bila kulia abebwe.

Bichi ya wote ni Jomo Kenyatta Public Beach, wenyewe twaiita Pirates. Kuna ngamia, kuna tyubu za kukodisha, kuna watu si haba. Idi na Krismasi watoto hupotea hapo, mvishe wako nguo ya rangi kali na umwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu. Bichi boi watakuja, wengi ni watu wazuri tu wanatafuta riziki, jibu kwa heshima, "ahsante ndugu yangu, leo hapana", na usipokee kitu ukiambiwa ni zawadi. Ngamia, boti, picha, kila kitu bei kabla. Mama Ngina, tangu ilipotengenezwa upya 2019, ni pa kukaa jioni bure chini ya mibuyu, madafu na mihogo ya pilipili na ndimu, lakini pale hapaogelewi, mkondo wa mlango wa bahari una nguvu.

Chakula sina wasiwasi nanyi. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana biriani ama wali wa nazi na samaki wa kupaka, jioni viazi karai, bhajia na mishkaki barabarani, chagua pale penye watu wengi na mafuta yanayochemka. Kinachowashinda wageni ni maji. Nyumba nyingi na vyumba vya kukodi hutumia maji ya kisima na yana chumvi, sabuni haitoi povu na chai ukiipika nayo utashangaa, basi ukikodi nyumba muulize mwenyewe maji ni ya aina gani na kama kuna tangi, na mnunue ya kunywa mtungi mkubwa siku ya kwanza. Muulize pia kama kuna neti kwenye kila kitanda na kama feni zote zinafanya kazi, sio AC ya kwenye picha. Malaria Pwani ipo, mtoto aliyezaliwa kwenye baridi hajaizoea, ongea na daktari wenu kabla ya safari, na mkisharudi nyumbani mtu akipata homa hata baada ya wiki mbili tatu aseme alikuwa Mombasa. Beba mafuta ya kujipaka ya mbu, losheni ya jua, chumvi na sukari za kumpa anayeharisha, na dawa za wazee za siku zote pamoja na ziada kwenye begi la mkononi.

Pesa, M-Pesa inafanya kazi mpaka kwa muuza kachiri, ila beba noti ndogo ndogo za tuktuk. Tuktuk ya mjini ni bei ya safari sio ya kichwa, ulizeni hivyo hivyo, "yote ngapi?", na mkiwa sita msijibane kwenye moja. Simu usiishike mkononi ukiwa dirishani kwenye jam.

Siku ya kurudi msiweke shughuli yoyote. Achari, mabuyu na halua nunueni jana yake, na mtoke kisiwani masaa mawili kabla ya treni ama masaa matatu kabla ya ndege, kwa sababu lori moja tu likiharibika Changamwe mtaliangalia hilo treni likiondoka mkiwa ndani ya matatu.