Sistim dainamiksi: anza na sangara, masters itakuja

Sistim dainamiksi ni fani ya kutengeneza modeli za kompyuta kuonyesha mambo yanavyobadilika kadri muda unavyokwenda. Watu wakitaka kuingia hii fani cha kwanza wanaomba linki ya skolashipu, mi nawauliza, ushatengeneza modeli hata moja? Profesa Jay Forrester aliianzisha pale MIT, chuo cha Marekani, miaka ya 1950 na msingi wake haujabadilika: kuna kitu kinajaa na kupungua, hiyo ni stoki, afu kuna kinachoingia na kinachotoka, hiyo mitiririko.

Pakua Vensim PLE, programu ya kutengenezea modeli, bure kwa kujifunzia, au kama laptopu imechoka fungua Insight Maker, nayo ya kazi hiyohiyo, kwenye brauza. Afu chukua kitu unachokijua. Mi mtu wa kanda ya ziwa nilichukua sangara.

Stoki yako iwe samaki, weka tani 1,000 (namba za mazoezi tu hizi). Wanaongezeka 20% kwa mwaka, yaani tani 200. Mitumbwi 10, kila mmoja unavua tani 15 kwa mwaka, jumla 150, ziwa linabaki na faida ya 50. Sasa ongeza mitumbwi ifike 16. Mavuno yanapanda mpaka 240, mwaloni kila mtu anacheka, barafu haitoshi, na mwaka huohuo ziwa limepoteza tani 40. Mwaka wa pili samaki ni 960, wanaozaliwa 192, hasara imeshakuwa 48. Hapo ndo utaelewa kwa nini mvuvi anaongeza mtumbwi wakati ambao angetakiwa kupunguza, sio ujinga, anachokiona ni mavuno, stoki iko chini ya maji haioni.

Modeli yangu ya kwanza samaki walifika hasi mia kadhaa, nikakaa siku mbili nalaumu programu kumbe kuzaliana nimeweka kwa mwaka na uvuvi kwa mwezi. Vensim ina sehemu ya kukagua vipimo, itumie kabla hujaanza kutafuta mchawi.

Ukishaiva kidogo pitia masomo ya kujisomea ya sistim dainamiksi kwenye OpenCourseWare ya MIT, tovuti yao ya masomo ya bure, ya zamani lakini bado moto, usiyaruke mazoezi. Halafu badilisha namba za kubuni uweke za kweli, LVFO, shirika la uvuvi la Ziwa Victoria pale Jinja, Uganda, wanaratibu hesabu ya wavuvi na mitumbwi ya ziwa zima. Na nenda mwaloni ukae na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wachoree mishale ya modeli yako kwenye karatasi waulize wapi umekosea, watakusahihisha bila huruma, na hii kazi ya kuchora modeli pamoja na wenye shida yao ndo mahojiano ya kazi huwa yanaiulizia sana.

Kazi zenyewe usitafute tangazo lililoandikwa sistim dainamiksi, ni nadra mno, tafuta maji, nishati, uvuvi, kilimo, tabianchi, wewe ndo unaingia na modeli yako mkononi. Masters ipo Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, kwa Kiingereza, ila tangu 2023 wanafunzi wa nje ya Ulaya wanalipa ada kwahiyo usiende na stori za zamani kwamba kule bure. Ukiwa tayari unasoma PhD, IIASA, taasisi ya utafiti karibu na Vienna, Austria, wanachukua vijana miezi mitatu kila kiangazi, na kwenye maombi anza na grafu yako ya sangara, CV ifuate nyuma.